Mturuki hakwenda Olimpiki mikono mitupu: jibu kwa wanaowanyima watoto viatu

Lubumbashi. Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaonisoma hapa kwa telefoni kwa sababu umeme ulikatika saa ya kipindi, leo nina deni la kulipa. Ni jibu ambalo lilipaswa kutoka kinywani mwangu hewani, na halikutoka.

Jumapili iliyopita, katika kipindi cha michezo, tulikuwa na mgeni ambaye anaongoza mpira wa vijana katika komini moja ya mji wetu. Sitaji jina, atajitambua. Msikilizaji mmoja alipiga telefoni akauliza: kwa nini kwenye majaribio ya kuchagua wachezaji, watoto wa familia zilizokimbia vita wanabaki pembeni ya kiwanja mpaka jua linachoka? Mgeni wetu alicheka. Akasema: "Mulimuona yule Mturuki wa Olimpiki? Alienda bila kitu, mkono mfukoni, akarudi na medali. Mwenye kipaji hahitaji vifaa. Hawa watoto waache kulilia viatu."

Studio nzima ilicheka. Na mimi nilicheka. Dakika zilikuwa zimekwisha, fundi akaweka muziki, tukaagana vizuri. Nikiwa ndani ya basi kurudi nyumbani ndipo nilianza kuona aibu, maana hoja ile ni ya uongo kuanzia kichwa mpaka mguu, na mimi mwandishi wa habari niliisindikiza kwa kicheko.

Tuanze na Mturuki mwenyewe. Anaitwa Yusuf Dikeç. Alikuwa na miaka 51 pale Paris 2024, na mashindano ya kulenga shabaha yalifanyika Châteauroux, mbali na Paris. Tarehe 30 Julai, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha katika bastola ya upepo ya mita 10, mwanamume na mwanamke pamoja. Wenye dhahabu walikuwa Waserbia, Zorana Arunović na Damir Mikec. Picha yake ilizunguka dunia kwa sababu alisimama na tishati, miwani ya kawaida ya kusomea, vizibo vidogo vya masikio na mkono wa kushoto mfukoni, wakati jirani zake walikuwa na miwani ya pekee, kofia, na vipande vya kuziba jicho moja. Vijana wa Katuba waliiweka kwenye telefoni zao na maneno ya kuchekesha. Sawa, hata mimi niliiweka.

Lakini tazama tena picha ile, na safari hii tazama mkono wa kulia. Kile alichoshika si kitu cha kuokota. Ni bastola ya mashindano, ya jamii moja na zile za wenzake. Kampuni kama Steyr, Morini, Walther na Feinwerkbau zinatengeneza bastola hizo. Mpini wake unachongwa kufuata kiganja, na bei yake inapita dola elfu moja, mara nyingi kwa mbali. Kwa franka, piga hesabu mwenyewe, mimi sitaki kukuharibia siku. Dikeç alifanya kazi katika jandarmeri ya Uturuki, na Paris ilikuwa Olimpiki yake ya 5. Ya kwanza ilikuwa Beijing, 2008. Kwa hiyo huyu "mtu bila kitu" alikuwa na silaha sawa na wengine, risasi za kufanyia mazoezi, mahali pa kupigia, na miaka mingi ya kurudia jambo lile lile. Alichoacha nyumbani ni nyongeza tu: miwani ya pekee na kizibo cha jicho. Mwenyewe alieleza kwamba analenga macho yote mawili yakiwa wazi. Kizibo kingemsaidia nini?

Na kuna jambo ambalo waliosambaza picha hawakulisema: katika bastola ya upepo ya mtu mmoja mmoja, palepale Paris, Dikeç hakufika fainali. Dhahabu ilikwenda kwa Mchina Xie Yu. Upande wa wanawake, Mkorea Kim Ye-ji, yule aliyevaa miwani kama ya fundi wa saa, alipata fedha mita 10. Siku chache baadaye, mita 25, alichelewa kufyatua risasi moja, akapewa sifuri kwa risasi ile, akatoka mapema. Mwenye vifaa vingi na mwenye vichache, kila mmoja alipata siku yake nzuri na siku yake mbaya. Atakayetumia Olimpiki ile kusema vifaa ni kila kitu amekosea. Atakayeitumia kusema vifaa si kitu amekosea zaidi, kwa sababu huyu wa pili ndiye anayefunga mlango kwa mtoto wa maskini huku akimpigia makofi.

Hapa lazima nisimame kidogo niombe msamaha, maana nina kosa lingine.

Jumatano, nilipoamua kurudi kwenye jambo hili katika kipindi cha asubuhi, fundi wetu aliweka mlio wa risasi mwanzoni, ili wasikilizaji waamke. Niliusikia kabla hatujaanza, na nilimwacha. Kabla ya dakika tano telefoni ililia. Alikuwa mama mmoja aliyefika hapa Lubumbashi kutoka Kivu ya Kusini, baada ya Bukavu kuanguka Februari 2025. Aliniambia: "Papa mtangazaji, weye ulishakimbia masasi? Mutoto wangu ameingia chini ya kitanda na hatoki. Munatuletea masasi mpaka ndani ya redio?"

Sikuwa na jibu. Sisi wa mji huu tunajua kidogo. Tunaikumbuka Machi 2013, siku Bakata Katanga walipoingia mjini, na asubuhi ile ya Septemba 2020. Lakini kujua kwa siku moja si sawa na kulikimbia jambo lile kwa miguu, na mtoto mgongoni. Mama, nilikuomba msamaha kwa telefoni na ninakuomba tena hapa. Mlio ule umefutwa. Wenzangu wa redio nyingine ambao bado wanaweka milio ya risasi kwenye matangazo ya habari ili yasikike ya moto, fikirini ni nani anasikiliza.

Mama yule aliuliza pia kwa nini mtu mwenye akili azungumze mchezo wa bastola katika nchi ambayo bunduki zimemaliza watu. Ni swali la haki. Mimi sitaki bastola Lubumbashi. Sheria ya silaha tuliyo nayo tangu 1985 haimruhusu raia kushika silaha bila kibali, na hata ingekuwa rahisi kupata kibali nisingependa. Hata ile ya mita 10 si bunduki ya vita: inasukuma kipande kidogo cha risasi cha milimita 4.5 kwa hewa iliyobanwa ndani ya chupa ndogo, na sauti yake ni ndogo. Lakini si bastola ninayotaka tuige. Ninataka tuige namna wanavyopima watu. Mgeni wetu wa Jumapili alichagua mfano huu mwenyewe, basi na tuufungue mpaka mwisho.

Kwenye mashindano ya shirikisho la dunia, ISSF, kabla ya mtu kupiga hata mara moja, kifaa chake kinapita kwa wakaguzi. Bastola ya upepo isizidi gramu 1,500. Iingie ndani ya sanduku la kipimo la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Kifyatulio kisiwe chepesi mno: wanakining'inizia uzito wa gramu 500, nusu kilo, na bastola inyanyue uzito ule bila kufyatuka. Kiwiko na kifundo cha mkono visishikiliwe na kitu. Hata saa na bangili kwenye mkono wa kupigia ni marufuku. Na sikilizeni hili, ninyi wa viatu: kiatu cha mpiga bastola kisifunike kifundo cha mguu, maana kiatu kirefu kinamsaidia mtu kusimama imara kuliko mwenzake. Mkubwa wangu, umesikia? Watu wa mchezo wako wa mfano wanakagua hadi viatu! Wanajua kwamba kiatu kinaweza kuiba ushindi. Kisha mtu anapiga mara 60, na duara la kumi katikati ya shabaha lina milimita 11.5, karibu upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Baada ya ukaguzi ule, alama zikitofautiana, tofauti ni ya mtu.

Aina nyingine ya mchezo huo, ule wa kupiga huku mtu anatembea na kuhesabiwa sekunde, una busara ya namna nyingine. Shirikisho lake, IPSC, lilianzishwa 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani. Wao hawawalazimishi watu wote kushika kifaa kimoja. Wanawagawa. Mwenye bastola iliyofungwa kioo cha kulengea na vikorokoro vyote anashindana na wenye vikorokoro. Mwenye bastola ya kawaida kama ilivyotoka kiwandani anashindana na wa kawaida. Mwenye bastola ya silinda inayozunguka ana kundi lake. Mshindi anatoka ndani ya kundi. Hakuna anayemwambia mwenye bastola ya kawaida, "ungekuwa na kipaji ungempiga yule."

Ndani ya kundi, sasa wanapima ujuzi peke yake. Kwa Wamarekani, alama za mtu zinawekwa mbele ya alama bora za kundi lake na kugeuzwa asilimia. Asilimia 95 na kuendelea, wewe ni bingwa mkuu. Kuanzia 85, bingwa. Kuanzia 75 uko daraja A, kuanzia 60 daraja B, kuanzia 40 daraja C, chini ya hapo D. Kifaa kinakuambia unashindana na nani. Alama zinakuambia wewe ni nani. Ni mistari miwili, haichanganywi.

Jirani zetu wa Kenya (nchi ya Kenya, si komini yetu) wanao mchezo wa jamii hiyo kwa sheria za IDPA, na kuna uwanja wa polisi wa kupigia shabaha pale Kirigiti, Kiambu, karibu na Nairobi, ambako raia wenye leseni hushindana. Nao wanagawa bastola kwa aina, halafu watu kwa madaraja kutoka mwanagenzi mpaka bingwa. Hakuna miujiza ndani yake. Ni karatasi, saa ya kuhesabia, na watu waliokubaliana kabla ya kuanza.

Sasa turudi kwenye kiwanja cha vumbi cha hapa kwetu. Nimekwenda kwenye majaribio matatu ya vijana mwaka huu, kama mwandishi. Nitaeleza nilichoona kwa macho. Kocha anaita: "Wenye viatu, huku. Wasio na viatu, subirini kule." Wenye viatu wanacheza saa mbili asubuhi, hewa ikiwa bado baridi, na makocha watatu wanaandika. Wasio na viatu wanaingia karibu na saa sita, kiwanja kinachoma nyayo, dakika kumi, na kocha mmoja aliyebaki anaongea na telefoni. Kisha majina yanasomwa. Wasio na viatu, hakuna. Na jioni mtu anasema kwenye redio kwamba hawana kipaji.

Huo si upimaji. Ni kugawa watu kwa kifaa halafu kuita mgawo huo ujuzi. Mwamuzi wa bastola angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Najua mtasema: mimi nilicheza bila viatu, baba zetu walicheza bila viatu, na Mazembe ikachukua kombe la Afrika 1967 na 1968. Ndiyo, wengi walianza pekupeku mitaani. Lakini pale mtaani wote walikuwa pekupeku! Hicho ndicho kilichofanya mchezo uwe wa haki. Mkitaka turudi huko, mimi nakubali: siku ya majaribio kila mtu avue, na mtoto wa tajiri avue, tuone. Mnasitasita? Basi mnajua kiatu kina kazi.

Kuna hadithi ya kweli ambayo ningependa mgeni wetu aisome badala ya picha za mitandao. Mhangari mmoja, Károly Takács, alikuwa sajini wa jeshi na mpiga bastola hodari. Mwaka 1936 hakupelekwa Olimpiki ya Berlin kwa sababu nafasi zilikuwa za maafisa, naye alikuwa sajini tu. Cheo cha begani kilihesabiwa kabla ya alama za shabaha. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia na kuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kupigia. Akajifunza kwa mkono wa kushoto, peke yake. Mwaka 1939 akawa bingwa wa nchi yake, na 1948 akachukua dhahabu London, katika bastola ya kufyatua haraka ya mita 25. Helsinki 1952 akairudia.

Watu wanapenda hadithi hii kwa sababu ya mkono. Mimi inaniuma kwa sababu ya 1936. Mkono wake ulikuwa mzima, alama zake zilikuwa nzuri, na mtu mmoja mezani alitazama begani badala ya kutazama shabaha. Hungaria ilimrudisha mtu wao baadaye, kwa bahati. Wangapi hawakurudi?

Na katika mji huu sasa hivi tuna watu wa namna hiyo, hawa waliokuja na mabegi mawili. Nimeongea na kijana wa miaka 17 aliyekuwa akicheza katika ekipe ya madaraja huko Bukavu. Alikuwa na leseni, alikuwa na nafasi yake, namba 6. Leseni ilibaki ndani ya nyumba. Hapa anaambiwa hana historia, aanze na wadogo. Dada yake alikuwa mwaka wa nne wa sekondari; bila karatasi ya alama amerudishwa nyuma mwaka mmoja. Kwa wapiga bastola, daraja la mtu linaandikwa katika chama, na akihama jimbo linamfuata. Akifika bila karatasi, anapigishwa mtihani uleule unaopigwa na wote, na jioni anapewa daraja lake. Je, ni vigumu kumpa kijana wa namba 6 mpira na dakika 30, akiwa na viatu kama wenzake, halafu kuandika ulichoona?

Mgeni wetu aliniambia nje ya studio kwamba hakuna pesa za kununulia watoto wote viatu. Hilo ni la kweli na silikatai. Lakini sikuomba viatu vya watoto wote. Kundi linalocheza ni watu 22. Jozi 22 za viatu vya zamani, vinavyovaliwa na kundi moja na kuvuliwa kwa kundi linalofuata, zinatosha siku nzima. Au vipindi viwili vyenye dakika sawa na makocha sawa, wenye viatu wapimwe na wenye viatu, pekupeku na pekupeku, na nafasi zigawiwe kwa makundi yote mawili. Na majina yabandikwe ukutani pamoja na alama, ili mzazi aweze kusoma na kuuliza. Haya yanagharimu karatasi na kalamu, na kuamka mapema.

Jumamosi ijayo kuna majaribio mengine. Nitakuwa pale kuanzia saa moja asubuhi na daftari, na nitaandika kila kundi limepewa dakika ngapi na makocha wangapi wametazama. Nitayasoma yote Jumapili hewani. Kiti cha mgeni wetu kiko wazi, aje ajibu. Nitampa muda mrefu kuliko niliochukua mimi hapa.

Mwenye viatu vya mpira ambavyo mtoto wake amevikulia, namba 36 hadi 42, aviache kwa mlinzi wa redio kabla ya Ijumaa jioni. Mlinzi ana daftari, mwandikishe jina na namba ya kiatu. Mpaka leo mchana tunazo jozi 9, na moja ina mguu wa kushoto tu. Aliyeileta, tafadhali, tafuta wa kulia.